Tone la oili laweza kumeza karo: Unavyoweza kuiokoa pikapu inayovuja

FIKA katika Soko la Burma asubuhi na mapema siku yoyote ya kazi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Shauri Moyo, nawe utaona jinsi jiji la Nairobi linavyolishwa. Pikapu zinaingia moja baada ya nyingine kutoka Barabara ya Jogoo, zikiwa na masanduku ya bati yaliyojaa nyama kutoka vichinjioni kama vile Dagoretti na Kiamaiko. Wachukuzi waliovalia makoti meupe wanajitwika mapaja ya ng'ombe mabegani, wenye vibanda wanapiga kelele za bei, na wanunuzi wa hoteli wanachagua mbavu huku wakitazama saa.

Sasa inamisha macho utazame chini, pale pikapu hizo zinapoegeshwa. Utaona madoa meusi yanayong'aa, mengine makubwa kama sinia. Hiyo ni oili. Kila doa ni pesa za mtu zilizomwagika, na nyuma ya pesa hizo kuna kodi ya nyumba, karo ya shule na mkopo wa chama au benki unaosubiri kulipwa mwisho wa mwezi.

Jina la soko hili linawakumbusha wengi wale askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana Burma mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Biashara ya hapa nayo ni vita vya kila siku, na silaha yake kubwa ni gari. Wazee wa Eastlands wanakumbuka enzi za Peugeot. Ile 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Sifa hizo ziliwafanya wafanyabiashara wengi waamini kuwa gari lililoshinda matope ya Safari haliwezi kushindwa na mizigo ya soko. Leo Isuzu na Toyota Hilux ndizo zimetwaa nafasi hiyo. Isuzu huunganishwa papa hapa Nairobi, katika kiwanda kilichojulikana kwa miaka mingi kama General Motors hadi kilipobadili jina kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017.

Lakini hakuna pikapu, iwe mpya kutoka kwa kampuni au mtumba kutoka bandari ya Mombasa, isiyoweza kuvuja. Swali ni je, utafanya nini siku utakapoliona doa la kwanza?

SI KILA DOA NI OILI YA INJINI

Kabla hujamwita fundi, jua kinachovuja. Weka kipande safi cha katoni chini ya gari usiku, kisha uchunguze asubuhi. Kazi hii hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya, na atakuwa amejifunza jambo.

Oili ya injini huwa ya rangi ya asali ikiwa mpya, na nyeusi ikishatumika. Usishtuke injini ya dizeli ikiifanya oili kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, hiyo ni kawaida yake. Oili ya giaboksi na ya difu huwa nzito na yenye harufu kali. Nyekundu aghalabu hutoka kwenye usukani wa pawa au giaboksi ya otomatiki. Maji ya rejeta huwa ya kijani, mekundu au ya samawati kutegemea dawa iliyotiwa. Maji meupe yasiyo na harufu, yakidondoka upande wa abiria baada ya safari, huenda ni ya kipoza hewa tu.

Umajimaji ukionekana karibu na gurudumu, nao ni mwepesi na unateleza, usiliendeshe gari hilo hata kidogo. Huenda ni mafuta ya breki, na hapo shida si pesa tena bali ni maisha.

HESABU YA TONE MOJA

Wengi husema, "Ni tone tu, nitaongeza oili kidogo." Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme injini inadondosha tone moja kila sekunde 10 inapofanya kazi. Hayo ni matone 360 kwa saa. Pikapu ikifanya kazi saa 5 kwa siku, ni matone 1,800. Tukikadiria kuwa matone 25 yanafanya mililita moja, umepoteza mililita 72 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni karibu lita 2.

Kwenye injini nyingi, nafasi iliyo kati ya alama ya juu na alama ya chini ya dipstiki ni kama lita moja. Kwa hivyo huyo anayepima oili mara moja kwa mwezi anaweza kuwa ameshapita alama ya chini zamani, naye hana habari. Injini yenye oili pungufu hupata joto, vyuma husagana, na siku moja kishindo husikika katikati ya safari. Nyama ya watu iko nyuma, jua linawaka, na injini imekufa. Hapo gasketi ambayo ingenunuliwa kwa pesa kidogo imegeuka kuwa injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: gari linalovuja lipimwe oili kila asubuhi, likiwa limesimama mahali tambarare na kabla ya kuwashwa. Andika kiasi unachoongeza katika kijitabu pamoja na kilomita. Ikiwa taa nyekundu ya presha ya oili itawaka ukiwa barabarani, usiseme "nitafika tu." Egesha kando na uzime injini papo hapo. Dakika chache za ubishi zinaweza kukugharimu mtaji.

Wala usiongeze oili kupita alama ya juu ukidhani unajiwekea akiba. Oili ikizidi huchapwa na krenki ikawa povu, na wakati mwingine hujitafutia njia ya kutoka mahali ambapo hapakuwa pakivuja.

INAVUJA WAPI?

Sehemu zinazovuja mara nyingi si nyingi sana. Juu ya injini kuna kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Gasketi yake hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto. Chini kuna sampu, yaani bakuli la oili, yenye gasketi yake na nati ya kumwagia oili. Nati hiyo ina washa ndogo ambayo watu wengi hawaibadilishi wakati wa sevisi. Pembeni kuna filta ya oili. Mpira wa filta ya zamani ukibaki umenata kwenye injini kisha mpya ikafungwa juu yake, oili itamwagika kama maji. Kuna pia swichi ya presha ya oili, kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, ambacho huvuja na kuwatia watu hofu ya bure.

Kisha kuna sili mbili za krenki. Moja iko mbele, nyuma ya puli. Nyingine iko nyuma, baina ya injini na giaboksi. Hii ya nyuma ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa sababu kuifikia ni lazima giaboksi iteremshwe. Sili yenyewe ni kipande cha mpira. Kinacholipiwa ni kazi.

Na hapa ndipo pesa za wengi hupotelea. Oili hutiririka kwenda chini, na upepo wa safari huisukuma kwenda nyuma. Gasketi ya juu ikivuja upande wa nyuma wa injini, oili huteremka ukutani mwa injini na kujikusanya pale pale ambapo sili ya nyuma ingedondosha. Fundi mwenye haraka hulala chini ya gari, huona oili kwenye maungio ya giaboksi, na kutangaza, "Ni sili ya nyuma hii." Giaboksi inateremshwa, sili inabadilishwa, bili inalipwa. Baada ya juma moja doa limerudi. Sili haikuwa na kosa!

Dawa ya mtego huu ni rahisi. Injini ioshwe kwanza kwa sabuni ya kuondoa mafuta, ikiwa imepoa, huku nyaya na alteneta zikifunikwa zisiingie maji. Kamwe usioshe injini kwa petroli, kwani cheche moja yatosha kuteketeza gari na fundi. Ikikauka, iendeshwe kwa muda mfupi, kisha itazamwe kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye ugonjwa. Kama bado panafichika, nyunyiza unga wa poda ya watoto kwenye sehemu iliyokauka, nawe utaona mchirizi unaanzia wapi. Gereji zilizo na vifaa hutia rangi maalumu ndani ya oili na kuitafuta kwa taa ya zambarau.

INJINI ISIYOPUMUA

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Injini hupumua. Baadhi ya moshi wa mwako hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia chini penye oili, na hutolewa kupitia bomba la kupumulia na vali yake. Bomba hilo likiziba kwa uchafu, presha hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Unaweza kubadilisha sili zote za gari na bado livuje, ilhali dawa ilikuwa kusafisha bomba moja.

Ikiwa bomba ni safi lakini moshi unatoka kwa nguvu ukifungua kifuniko cha kutilia oili, huenda ringi zimechakaa. Hapo usidanganywe na gasketi mpya. Injini yenyewe imezeeka na inataka matengenezo makubwa. Na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiliwashe tena gari hilo hadi fundi aione gasketi ya kichwa cha injini.

Jihadhari pia na silikoni. Wako mafundi wanaopaka silikoni nyingi kama anayepaka siagi kwenye mkate wa harusi. Ile inayofinyika kuingia ndani ya sampu hukatika vipande vipande, hufyonzwa na pampu, na kuziba chujio lake. Injini hukosa oili ilhali sampu imejaa. Vivyo hivyo, kukaza bolti kupita kiasi hupinda sampu na kuponda gasketi. Kila bolti ina kipimo chake cha kukazwa, na fundi mzuri ana spana ya kukipima.

UKILIRUDISHA KWA KAMPUNI

Ikiwa pikapu yako ni mpya na bado iko katika muda wa waranti, mlango wa kwanza kubisha ni wa kampuni iliyokuuzia. Wengi huchelewa kwa kuogopa kupoteza siku ya kazi. Kuchelewa huko ndiko hugeuka kuwa sababu ya kukataliwa. Kampuni inaweza kusema uliendesha gari likiwa na oili pungufu, na kwamba uharibifu ni wako.

Kwa hivyo, siku unapoliona doa, chukua picha yake, na nyingine ya kilomita kwenye dashibodi. Toa taarifa kwa maandishi na uhifadhi nakala. Soma kitabu cha waranti, hasa yale maandishi madogo yanayoeleza ni sehemu gani zinazolindwa na ni sevisi zipi unazopaswa kufanyiwa, na wapi. Usimruhusu fundi wa nje afungue kitu kabla kampuni haijakitazama.

Ukifika kaunta, usiseme tu "gari linavuja." Eleza: limeanza lini, huongeza oili kiasi gani kwa kilomita ngapi, doa liko upande gani. Kile kijitabu chako sasa ni shahidi. Hakikisha maneno yako yameandikwa kwenye kadi ya kazi kabla hujatia sahihi.

Huenda ukaambiwa, "Hiyo ni jasho tu, si kuvuja." Ni kweli kwamba kuna tofauti. Gasketi inaweza kulowa unyevunyevu bila kudondosha, na si kila unyevu huhitaji injini kufunguliwa. Lakini ikiwa kuna tone chini, au dipstiki inashuka, huko ni kuvuja. Wakikuambia usubiri waangalie, omba waandike hivyo kwenye kadi pamoja na tarehe na kilomita, ili muda wa waranti ukiisha katikati ya kungoja, iwe wazi kwamba uliripoti mapema.

Wakikuambia ni sili ya nyuma, uliza maswali matatu bila aibu. Mmeosha injini na kuhakikisha oili haitoki juu? Mmekagua bomba la kupumulia? Na kwa kuwa giaboksi itateremshwa, hali ya klachi ikoje? Swali hili la mwisho ni la faida. Kama klachi imekaribia kuisha au imelowa oili, ibadilishwe wakati huo huo, kwani gharama ya kuteremsha giaboksi ni ile ile. Pia sili ya zamani huweza kuchimba mfereji mwembamba kwenye krenki, na sili mpya ikikalia mfereji ule ule itavuja tena. Mwombe fundi apaangalie.

Baada ya matengenezo, liendeshe gari siku chache, kisha lirudishe liinuliwe juu mtazame pamoja. Gari likirudi mara ya pili na ya tatu kwa ugonjwa ule ule, acha kuongea na kaunta. Mwandikie meneja wa sevisi, ukiambatisha kadi zote za kazi.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Wakenya wengi hawajui kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 nayo imegusa hasa matengenezo ya magari. Msingi wake ni kwamba mwenye gereji akupe makadirio ya gharama kabla ya kazi, asifanye kazi ambayo hukuidhinisha, na akupe nafasi ya kuchukua vipuri vilivyotolewa. Kwa hivyo ukiomba kuoneshwa sili ya zamani, humtusi mtu. Unadai haki yako.

Mambo yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na inatakiwa kuamua kesi katika muda wa siku 60. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Hakimu atataka karatasi, si malalamiko. Ndiyo maana kadi za kazi, risiti na picha zisitupwe.

KAMPUNI AU JUA KALI?

Waranti ikiisha, swali hubadilika. Gereji ya kampuni ina vifaa, vipuri halisi na risiti, lakini bei yake huwafanya wengi kukimbilia mafundi wa jua kali. Na ukweli usemwe: miongoni mwa mafundi wa Eastlands wamo mabingwa waliofunza mikono yao miaka ishirini, ambao husikia ugonjwa wa injini kabla ya kufungua boneti.

Ushauri ni kugawa kazi. Gasketi ya tapeti kava, nati ya sampu, filta na swichi ni kazi ambazo fundi hodari wa mtaani huzifanya vizuri. Nunua vipuri mwenyewe, uvilinganishe na vya zamani, na usitoke hadi kazi iishe. Sili ya nyuma, gasketi ya kichwa au kifuniko cha mnyororo wa injini ni kazi zinazotaka vipimo na mahali safi. Hapo usiangalie bei peke yake. Fundi wa bei rahisi akirudia kazi mara mbili, huwa amekuwa ghali kuliko kampuni. Rahisi huvunja upishi.

Popote utakapokwenda, uliza jambo moja zaidi: oili chafu inamwagwa wapi? Soko la Burma haliko mbali na Mto Nairobi, na oili inayomwagwa mtaroni husafiri na mvua ya kwanza hadi mtoni, kisha kwa wakulima wa mboga walio chini ya mto. Sukuma wiki hiyo hurudi sokoni na kuishia mezani pako. Oili iliyotumika ikusanywe kwenye mtungi na kupewa wanaoichukua kwa kazi halali.

ANZA KESHO ASUBUHI

Kwa mwenye duka la nyama, mwalimu anayekodisha pikapu kwa watu wanaohama, au kijana aliyechukua mkopo kuanza biashara ya usafirishaji, gari ni mfanyakazi asiyeweza kusema anapougua. Hudondosha tone tu, na kungoja aone kama kuna anayejali.

Mkabidhi mtoto mmoja nyumbani kazi ya katoni na kijitabu. Mpe dereva amri ya kupima oili kabla ya kuwasha gari, naye aweke sahihi kila siku. Kadi za matengenezo ziwekwe kwenye faili moja na risiti za karo, kwa kuwa hayo mawili hayaachani: pikapu ikisimama, mtoto naye hurudishwa nyumbani.

Jumatatu pikapu zitapanga foleni tena Burma kabla ya mapambazuko. Kabla ya yako kuondoka nyumbani, chutama, utazame chini yake.